Kuwasha programu ndani ya kontena la Linux: nani anaisoma amri yako, na nani anailea programu ukishaondoka

Wakuu habari za muda huu. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha vijana wanaojifunza mambo ya seva hapa Dar kuna swali linarudi kila baada ya siku mbili tatu, na kila likirudi majibu yanakuwa mengi na aliyeuliza anaondoka amevurugwa kuliko alivyokuja. Swali lenyewe ni hili: "Nimeingia kwenye kontena, nimewasha programu yangu, imefanya kazi vizuri, nikafunga laptopu nikaenda kulala, asubuhi kontena lipo ila programu haipo, nimekosea wapi?" Mmoja anamwambia tumia Docker (programu maarufu ya kuendesha makontena), mwingine anamwambia achana na makontena kabisa, wa tatu anamtupia amri tano bila neno la maelezo. Mimi naona dogo hajakosea sana, ila kuna vitu viwili hakuna aliyemwambia: nani anaisoma amri anayoandika, na nani anailea programu yeye akishaondoka. Ukivishika hivyo viwili mengine yanakaa yenyewe.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu wa Dar ukimtajia kontena akili inaenda bandarini, kwenye sanduku la chuma, au lile lililokatwa dirisha likawekwa kando ya barabara mtu anauzia humo vocha na soda. Picha hiyo inasaidia kidogo ila inapotosha, kwa sababu sanduku la chuma lina sakafu yake na paa lake, unaweza kulibeba ukaliweka popote likasimama. Kontena la Linux halina sakafu yake. Picha ya kweli zaidi ni nyumba ya kupanga, ile ya uswahilini kabisa, ya Manzese au Mbagala: korido katikati, vyumba huku na huku, mita ya LUKU moja, bomba moja uani. Kila mpangaji ana mlango wake na kufuli lake, akifunga haoni vitu vya jirani na jirani haoni vyake, lakini wote wanakanyaga msingi mmoja na umeme ukiisha umeisha kwa wote.

Huo msingi na hiyo LUKU kwenye kompyuta ndiyo inaitwa kerneli, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya Linux inayoongea na diski, RAM, mtandao na kadhalika. Makontena yote kwenye seva moja yanatumia kerneli moja ya mwenye nyumba. Huhitaji kuniamini, andika `uname -r` kwenye seva yako halafu ingia kwenye kontena uandike tena hivyo hivyo, utaona namba ileile, hata kama seva ni Ubuntu na kontena ni Debian, ambazo ni aina mbili tofauti za Linux. Mashine pepe (virtual machine) ni kitu kingine, hiyo ni kama kujenga nyumba nyingine nzima kwenye kiwanja hichohicho, msingi wake, mita yake, ndio maana inakula RAM zaidi na inachelewa kuwaka. Kwa hiyo yule anayesema kontena ni mashine pepe ndogo, hapana, ni chumba.

Kuta za hivyo vyumba zinajengwa na kerneli yenyewe kwa kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuficha, programu iliyo ndani inaonyeshwa orodha yake ya programu zinazoendesha, mafaili yake, mtandao wake, jina lake la mashine, na haionyeshwi vya wengine. Kazi ya pili ni kupima, huyu asile RAM zaidi ya kiasi hiki, asitumie prosesa zaidi ya kiasi hiki, hiyo ndiyo cgroups, iliingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2008, na LXC, programu ya kutengeneza na kuendesha makontena, nayo ikaanza mwaka huohuo ikatumia vyote viwili kwa pamoja. Wazo la kufungia programu kwenye eneo lake ni la zamani zaidi ya hapo, amri ya chroot ilikuwepo kwenye Unix tangu 1979 na FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, walitoa "jela" zao mwaka 2000. Docker imekuja 2013, na mwanzoni ilikuwa inapanda juu ya LXC hiyohiyo kabla hawajajitengenezea ya kwao. Nalisema hili kwa sababu kuna vijana wanaamini kabisa kwamba kontena maana yake ni Docker.

Tofauti yao ni nini basi? Kontena la Docker kwa kawaida linawekwa kwa ajili ya programu moja, programu ikiisha na kontena limeisha, ni kama fremu ya Kariakoo inayouza kitu kimoja tu, muuzaji akiondoka fremu imefungwa. Kontena la mfumo, na ndilo tunaloongelea leo, ni chumba cha mtu anayeishi humo, linawaka kama kompyuta kamili, lina systemd yake, yaani programu inayoanza kwanza na kuwasha nyingine, lina huduma zake, unaweza kuweka humo hifadhidata na seva ya wavuti na kazi za usiku vyote kwa pamoja na vikaishi miaka. LXC ni hilo, systemd-nspawn ni hilo, LXD ambayo Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, waliitangaza 2014 ni hilo, na Incus iliyochipuka kutoka LXD mwaka 2023 ni hilohilo. Mifano yangu nitatumia Incus maana ndiyo niliyonayo kwenye mashine.

Hapa pana mtego mmoja wa majina ambao umewapotezea watu masaa. Programu ya LXD unaiendesha kwa amri inayoitwa `lxc`, halafu kuna LXC yenyewe ya zamani ambayo amri zake ni `lxc-start`, `lxc-attach`, `lxc-execute`, zenye kistari katikati. `lxc exec` bila kistari ni ya LXD. `lxc-execute` yenye kistari ni ya LXC, na inafanya jambo jingine kabisa. Ukinakili amri mtandaoni angalia kwanza hicho kistari, kidogo hivyo hivyo lakini ndicho kinakwambia uko nyumba ya nani.

Sasa twende kwenye dirisha jeusi, yaani terminal, pale unapoandika amri. Kuna mambo matatu watu wanayaita yote "kuwasha" na ni tofauti.

La kwanza ni kuwasha kontena lenyewe, kufungua chumba mpangaji aamke:

`incus launch images:debian/12 duka`

Hapo umetengeneza kontena jina lake duka na limewaka, systemd ya ndani imeamka ikawasha vitu vyake. Siku nyingine likiwa limezimwa unasema tu `incus start duka`. Kwenye LXC ya zamani ni `lxc-start -n duka`, kwenye systemd-nspawn unaweka `-b` ili liwake kikamilifu, ukiisahau hiyo `-b` utapewa sheli tu (si ile ya mafuta, ni ile programu inayosoma unachoandika kwenye dirisha jeusi na kukitafsiri kuwa kazi) ndani ya chumba ambacho mwenyewe hajaamka, huduma zote zimelala, na utajiuliza kwa nini systemctl, amri ya kuongea na systemd, inakugomea. `lxc-execute` nayo iko upande huohuo, inaendesha programu moja uliyoitaja bila kuamsha mfumo mzima.

La pili ni kumtuma mtu aingie kwenye chumba ambacho tayari kimeamka, afanye jambo, atoke:

`incus exec duka -- apt update`

Kwenye LXC ni `lxc-attach -n duka -- apt update`. Vile vistari viwili vya katikati si pambo. Vilivyo kabla yake unamwambia Incus mwenyewe, vilivyo baada yake unasema hivi vipeleke ndani kama vilivyo. Bila hivyo, ukiandika kitu chenye alama zake kama `ls -l`, Incus inaweza kudhani hiyo `-l` ni yake ikaikataa. Ukitaka kuingia na kukaa humo unatuma sheli yenyewe, `incus exec duka -- bash`, na hapo unajikuta ndani ukiwa root, yaani mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote.

Na hapa ndo penye kiini cha leo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Unapoandika amri ndefu kwenye seva yako, anayeisoma kwanza ni sheli ya nje, ile uliyokaa nayo wewe, kabla Incus hajaona hata herufi. Sheli ya nje ikikuta nukta mkato, au ule mstari wima wa kuunganisha amri, au nyota, au alama ya dola, inavishughulikia yenyewe palepale. Ni sawa na kumwambia kijana mlangoni "nenda chumba cha tatu ufagie, halafu tupa vyote vilivyo mezani", yeye anaelewa kufagia ni chumba cha tatu ila meza ni hii ya sebuleni kwako. Angalia hii:

`incus exec duka -- cd /opt/duka; rm -rf muda`

Mwandishi alitaka aingie folda la /opt/duka ndani ya kontena afute folda la muda. Kilichotokea, sheli ya nje imekata sentensi kwenye nukta mkato. Kipande cha kwanza kimeenda ndani kikafeli maana cd si programu, ni neno la sheli, na hakuna sheli iliyotumwa. Kipande cha pili kimeendeshwa nje, kwenye seva, na kama hapo ulipo kuna folda linaitwa muda limeondoka. Hakuna aliyekuuliza. Ningekuwa na uwezo wa kubandika mfano mmoja tu ukutani kwa kila anayeanza ningebandika huu.

Nyota nayo iko hivyohivyo. Ukiandika `incus exec duka -- rm -f /var/log/duka/*`, sheli ya nje ndiyo inayoangalia kama kwenye seva kuna mafaili ya aina hiyo, isipoyakuta inapeleka nyota ndani kama nyota, na rm ya ndani inatafuta faili ambalo jina lake ni nyota, halipo, na kwa kuwa uliweka `-f` inanyamaza kimya. Wewe unaondoka umeamini umefuta, baada ya wiki diski imejaa.

Dawa yake ni kumtuma msomaji wa ndani, yaani unatuma sheli na kumpa sentensi yote ikiwa imefungwa kwenye alama za nukuu moja moja:

`incus exec duka -- sh -c 'cd /opt/duka && rm -rf muda'`

Zile nukuu zinaiambia sheli ya nje haya usiyaguse, na sheli ya ndani ndiyo inafungua bahasha na kusoma. Zikiwa nukuu mbili mbili alama ya dola bado itasomwa nje, `$HOME` itakuwa nyumbani kwako wewe badala ya nyumbani kwa kontena, kwa hiyo zoea moja moja. Wakati mwingine hata hivyo unataka kabisa nje ndiyo isome, mfano kuchukua nakala ya hifadhidata:

`incus exec duka -- mariadb-dump duka > nakala.sql`

Hapa mshale umesomwa nje, hivyo faili la nakala limekaa kwenye seva wakati data imetoka ndani, na hicho ndicho tulichotaka.

Jambo la tatu ndilo la yule dogo wa WhatsApp: kuwasha programu ikae. Na hili nilijifunza dukani kwa watu. Kuna duka moja la vipuri niliwawekea mfumo wa stoo na risiti, kompyuta moja tu chini ya kaunta, kontena ndani yake, nikaingia kwa bash, nikawasha programu kwa mkono, ikawaka, nikawaonyesha risiti ya kwanza, nikaondoka na dirisha langu likiwa wazi kwenye ile mashine. Ikadumu siku tisa. Siku ya kumi umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri, kompyuta ikawaka yenyewe. Saa mbili asubuhi mama mwenye duka akanipigia, "Mwanangu, mashine imewaka lakini haitoi risiti, na wateja wamesimama hapa." Nikamwamkia shikamoo, nikawahi. Nikaandika `incus list`, kontena lipo, limeandikwa RUNNING, kwa sababu Incus ikiwaka inarudisha makontena kwenye hali yaliyokuwa nayo. Chumba kimefunguka, mpangaji ameamka, ila ile kazi mimi nilikuwa nimeifanya kwa mikono yangu, na mikono yangu haikuwepo.

Programu uliyoiwasha kupitia exec mlezi wake ni hilo dirisha lako. Ukifunga dirisha, au laptopu ikalala mawasiliano yakakatika, kwa kawaida inakufa nayo. Kuna wanaoweka alama ya `&` mwishoni ili iende nyuma, na kweli inaweza kunusurika ukitoka, lakini haitanusurika kontena likiwashwa upya, na ikianguka saa nane usiku hakuna wa kuiinua. Ndani ya kontena la mfumo tayari kuna mlezi anayelipwa, systemd, yule wa kwanza kuamka, na kazi yake ndiyo hiyo. Unachotakiwa ni kumwandikia karatasi ya maelekezo. Ndani ya kontena, kwenye faili `/etc/systemd/system/duka.service`, unaandika:

`[Service]`
`ExecStart=/opt/duka/anza.sh`
`User=duka`
`Restart=always`

`[Install]`
`WantedBy=multi-user.target`

Mistari michache tu: endesha hiki, kwa jina la mtumiaji huyu, kikianguka kiinue, na mfumo ukiamka kianze nacho. Huyo mtumiaji duka awe ameshatengenezwa humo ndani. Kisha ukiwa nje unasema `incus exec duka -- systemctl enable --now duka`, amri inamaliza sekunde ileile na kukurudishia dirisha, na programu inabaki mikononi mwa mlezi. Ukitaka uhakika kontena liwake kila seva inapowaka hata kama mtu alilizima jana, ongeza `incus config set duka boot.autostart true`. Exec ibaki kwa kazi za kuingia na kutoka.

Limebaki suala la usalama, na hapa uvumi ni mwingi, kuna anayesema root wa ndani ndiye root wa nje kwa hiyo kontena halina maana, na kuna anayesema kontena halitoboki weka chochote. Wote wamezidisha. Kwenye makontena ya kawaida ya Incus root wa ndani mwenye namba 0 nje anaonekana ni mtu mwenye namba kubwa kama 1000000 asiye na cheo chochote. Jaribu, washa `sleep 500` ndani ukiwa root, halafu kwenye dirisha jingine nje andika `ps -ef` uitafute, utaiona ipo, namba yake ya programu ni nyingine, na mwenyewe ni huyo wa milioni. Akifanikiwa kuchungulia nje ya ukuta anakuwa mpita njia. Lakini ukiweka kontena la upendeleo, lile lisilobadilisha namba, root ni root, na wanaotengeneza LXC wenyewe wanasema wazi kwamba hayo si salama kumpa mtu usiyemwamini. Tena kumbuka msingi ni mmoja, kerneli ikiwa na ufa ufa huo upo kwenye vyumba vyote, hivyo kusasisha seva ya nje ni lazima hata kama vyumba vyote vimepakwa rangi mpya. Na kwenye LXD au Incus, ukimwingiza mtu kwenye kundi la `lxd` au `incus-admin` umempa funguo za nyumba nzima, maana anaweza kutengeneza kontena la upendeleo na kuliunganishia diski yako yote. Usimwingize dogo wa mafunzo humo kwa kuwa tu anataka kufanya mazoezi.

Kupima nako kusisahaulike. Bila kikomo mpangaji mmoja anaweza kumaliza LUKU ya wote. `incus config set duka limits.memory 512MiB` na hapo likivuka kerneli itaua programu ya humo ndani tu, jirani hashtuki. Kama programu yako inakufa ghafla na systemd inaiinua inakufa tena, angalia kikomo hiki kabla hujalaumu msimbo wa programu yako. Na kabla ya kubadilisha chochote kikubwa piga picha ya kontena, `incus snapshot create duka kabla`, mambo yakienda mrama ni `incus snapshot restore duka kabla` na umerudi ulipokuwa.

Pale dukani kuandika ile karatasi ya systemd hakukuchukua hata dakika kumi. Nikamwomba mama tusubiri wateja wapungue, ilipofika saa saba mchana nikaandika `sudo reboot` yeye akiangalia, na sikugusa kibodi tena. Kioo kikawa cheusi, kikarudi. Nikamwambia asubiri dakika moja, kisha auze kitu chochote. Akauza plagi mbili za bodaboda, na risiti ikatoka.